UZI WA DAKIKA 90: picha moja, kila mtu na ngoma yake (safari hii tuko Ziwa Tanganyika)

Fundi_Mitambo (mwanzisha uzi) | Ijumaa, saa 12:40 jioni

Wakuu, poleni na mihangaiko ya wiki. Kama tulivyokubaliana, saa 3:00 kamili usiku naweka picha hapa. Kuanzia hapo una dakika 90 za kutunga, kurekodi, kupiga miksi na kupandisha faili. Ikigonga saa 4:30 mlango umefungwa, hata kama faili lako limefika asilimia 99. Hizo ni saa za Dar na Nairobi. Mlioko Bujumbura na Lubumbashi kwenu tunaanza saa 2, na ndugu zetu wa Muscat saa 4. Msije mkasema hamkuambiwa.

Sharti ni lile lile: unachotuletea kiwe kimezaliwa ndani ya dakika hizo. Ngoma na vinanda vya kwenye programu ruksa. Lupu ya melodi aliyotunga mtu mwingine hapana. Na ile biti uliyoifungia kabatini tangu mwaka jana ukisubiri picha itakayofanana nayo, tunaijua, ikipita hapa tutaisikia tu. FL Studio, LMMS, BandLab ya kwenye simu, gitaa, mdomo, sufuria, vyote halali. Isizidi dakika tatu, maana tunasikiliza za wote na bando si la bure. MP3 inatosha. Hakuna anayehitaji WAV ya megabaiti 30 saa nne usiku.

Kura: kila mshiriki, pamoja na mimi na mwenye picha, anagawa pointi 3, 2 na 1. Hujipigii mwenyewe. Kura isiyo na maelezo haihesabiwi, andika umesikia nini. Mshindi anachagua picha ya safari ijayo, basi. Hela hakuna, naomba msinifuate inbox.

Picha ni ya BintiUjiji, kaipiga mwenyewe, kwa hiyo kesi ya hakimiliki hatuna. Yeye leo hashindani.

Dogo_Besi | saa 12:52 jioni

Nipo. Laptopu iko kwenye chaji, tumbo limeshiba, leo mtu asiniongeleshe.

Chakacha_Mvita | saa 1:05 usiku

Hodi hodi, Mombasa twaja. Dogo, leo nakuomba kitu kimoja tu: walau nusu dakika chini ya BPM 200 (mapigo 200 kwa dakika), nami niweze kuhesabu.

Dogo_Besi | saa 1:07 usiku

Kaka unahesabu ya nini, we cheza.

MwalimuWaKwaya | saa 1:30 usiku

Hamjambo vijana. Naomba ufafanuzi. Kompyuta sina. Nikirekodi kwa simu, nikapiga ilimba, kile kinanda cha vidole, na wajukuu wakaimba, nitakubaliwa?

Fundi_Mitambo | saa 1:33 usiku

Shikamoo Mwalimu. Unakubaliwa mia kwa mia. Ila funga dirisha, safari ile ya pili mbwa wa jirani karibu apate kura.

MwalimuWaKwaya | saa 1:36 usiku

Marahaba. Mbwa amehama.

Fundi_Mitambo | saa 3:00 usiku

PICHA NDIYO HIYO. Kwa ambao haifunguki nawaelezea. Imepigwa kutoka sitaha ya juu ya MV Liemba, mpigaji ameinama anatazama chini ubavuni. Jua linazama, ziwa limetulia tuli. Meli imesimama majini mbali na ufuko, maana hapo Lagosa hakukuwa na gati la kuifunga, na mlango wa ubavuni umefunguliwa. Chini ya mlango boti za mbao sita au saba zimebanana, kila moja inataka iwe ya kwanza. Kuna madumu ya njano ya mawese, magunia ya dagaa, godoro limefungwa kamba. Mama mwenye mtoto mgongoni amenyoosha mkono juu, na mkono wa mtu mwingine umetoka mlangoni kumpokea, lakini mikono haijagusana bado. Boti ya mwisho kushoto kuna kijana amewapa wote mgongo. Anachota maji yaliyoingia botini kwa dumu lililokatwa na kuyamwaga ziwani.

Saa inakwenda.

BintiUjiji | saa 3:04 usiku

Niongeze kidogo kwa msiopajua. Hiyo ni ya zamani kidogo, kabla meli haijasimama kwa matengenezo. Ilikuwa inatoka Kigoma inashuka mwambao wote mpaka Mpulungu, Zambia, na vituo vingi vilikuwa hivyo hivyo: honi inalia, boti zinatoka ufukweni mbio kabla hata meli haijapunguza mwendo. Wanaoshuka na wanaopanda wanapita mlango mmoja, kwa wakati mmoja. Mkisikia kelele kwenye picha, hamjakosea.

Chakacha_Mvita | saa 3:06 usiku

Honi yake yalia vipi?

BintiUjiji | saa 3:08 usiku

Nene, ndefu. Halafu inarudi kutoka milimani.

Dogo_Besi | saa 3:27 usiku

Umeme umekatika. Nimebaki na betri asilimia 61 na giza. Mungu anaona.

Fundi_Mitambo | saa 3:28 usiku

Sheria haijui umeme. Punguza mwanga wa kioo, kazi iendelee.

Dogo_Besi | saa 4:11 usiku

SHUSHA KWANZA. BPM 210, dakika 1 na sekunde 48.

Kwa sababu ya betri nimetumia sauti moja tu ya kinanda, ile ya kikasio cha mchiriku, nikaikatakata. Wengi mtatazama meli, mimi nimetazama vibarua. Pale kila mtu anapiga kelele "shusha kwanza! shusha kwanza!" na hakuna anayeshusha. Sauti zote ni zangu, nimejirekodi ndani ya kabati la nguo ili mwenye nyumba asije kunigongea.

Chakacha_Mvita | saa 4:19 usiku

NANGA. 6/8, dakika 2 na nusu. Udi wa kwenye programu, dumbaki nimepiga mwenyewe juu ya meza, nyuzi za taarabu zaingia katikati. Mwanzoni ni ile honi: noti moja ya chini, kisha hiyo hiyo kwa sauti ya mbali, ndiyo milima yaijibu. Kabla hamjaniuliza chakacha yaenda kufanya nini ziwani: Ujiji ndiko ilikokuwa ikiishia njia ya misafara kutoka Bagamoyo. Pwani ilifika huko zamani, kwa miguu.

Nyuzi_Nne | saa 4:24 usiku

1916. Dakika 2 na sekunde 55.

Someni kabla ya kusikiliza. Meli hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa Dar ndani ya masanduku, ikapanda treni ya Reli ya Kati hadi Kigoma na kuunganishwa upya kwa ribiti. Ikashushwa majini 1915. Julai 1916 Wajerumani walipoona wanazidiwa wakaizamisha wenyewe, lakini kwanza wakapaka mitambo grisi nzito, wakiamini watairudia. Waingereza ndio walioiinua, 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Sehemu ya kwanza ni nyundo, nimegonga bomba la maji kwa spana. Ya pili nafunga chujio polepole, sauti za juu zinaondoka moja moja mpaka unabaki na besi, uko chini ya maji. Halafu sekunde nane za kimya, moja kwa kila mwaka kutoka 1916 hadi 1924. Msifikiri faili limeharibika. Ya mwisho, injini inawaka.

MwalimuWaKwaya | saa 4:27 usiku

NIPE MKONO. Ilimba moja, sauti nne, simu moja juu ya kiti. Kiitikio kwa wanaosoma nota:

| d :- :m | s :- :s | l :s :m | r :- :- |

Mstari unaishia kwenye r, haurudi kwenye d. Ni makusudi. Mikono haijagusana.

Lulu_wa_Buyenzi | saa 4:29 usiku

DUMU LILILOKATWA. BPM 70. Nimewahi, maelezo baadaye!!

Fundi_Mitambo | saa 4:30 usiku

MLANGO UMEFUNGWA. Ngoma tano.

Mla_Bando | saa 4:33 usiku

Jamani yangu imefika 97%

Fundi_Mitambo | saa 4:34 usiku

Pole sana mkuu. Iweke tu tuisikilize, ila haimo kwenye mashindano. Kura mwisho Jumapili saa 2 usiku.

BintiUjiji | Jumamosi, saa 1:20 asubuhi

Nimesikiliza zote mara mbili, mara ya kwanza huku natazama picha, mara ya pili nimeifunga. Nawashauri na ninyi mfanye hivyo. Ya Nyuzi_Nne nikiwa na picha sikuielewa, maana picha ina kelele za watu na yeye kaniletea chuma. Nilipoifunga picha ikanishika. Ya Dogo ni kinyume chake. Bila picha ni singeli nzuri tu. Ukiwa na picha, ile sehemu kelele zote zinakatika ghafla na kubaki mtu mmoja anasema "dumu langu… dumu langu jamani", nimecheka peke yangu jikoni. Ndivyo ilivyo. Lazima kuna dumu la mtu linabaki.

Chakacha_Mvita | Jumamosi, saa 2:45 asubuhi

Mimi na Nyuzi_Nne tuna neno. Ndugu yangu, kazi ni safi, ile spana nimeipenda. Lakini mashindano ni ya picha. Kwenye hiyo picha 1916 iko wapi? Mjerumani yuko wapi? Mtu aletewe wimbo wako bila ule waraka ulioandika juu yake, atajua nini? Atasikia bomba, kisha kimya, kisha apige simu kwa fundi wa spika.

Nyuzi_Nne | Jumamosi, saa 3:10 asubuhi

1916 iko chini ya rangi nyeupe. Ribiti zile unazoziona karibu na mlango ndizo hizo hizo. Picha ya meli ya miaka mia na zaidi haiwezi kuwa ya jioni moja tu. Na wewe mbona umeleta misafara ya Bagamoyo? Nayo kwenye picha iko wapi?

Chakacha_Mvita | Jumamosi, saa 3:14 asubuhi

Misafara nimeitaja kwenye maelezo. Kwenye wimbo kuna honi, mlima na watu. Huo ndio utofauti.

MwalimuWaKwaya | Jumamosi, saa 4:00 asubuhi

Niwaamulie kidogo. Ugomvi huu ni wa zamani kuliko sisi sote. Mussorgsky wa Urusi, rafiki yake mchoraji Viktor Hartmann alipofariki, yakafanyika maonyesho ya kazi zake, naye mwaka 1874 akatunga vipande vya piano kwa kufuata michoro ile. Alitumia kama wiki tatu hivi, si dakika 90. Mingi ya michoro hiyo imepotea, leo hatuna cha kulinganisha nacho, na muziki unapigwa dunia nzima. Hapo Nyuzi_Nne ana hoja: wimbo ukisimama wenyewe, picha inaweza kwenda zake.

Lakini yuko na Rachmaninoff, mtunzi mwingine wa Urusi. Yeye aliona nakala ya mchoro wa Böcklin, mtu anavushwa kwa mtumbwi kwenda kisiwani, nakala yenyewe nyeusi na nyeupe. Akachukua jambo moja tu, makasia. Mapigo matano kwa kipimo, mawili kisha matatu, au matatu kisha mawili. Kasia halipigi sawasawa, linavuta halafu linarudi. Hakuhitaji kumwambia msikilizaji kisiwa ni cha nani. Hapo Chakacha naye ana hoja.

Sasa kwa vile nimeshawapa wote hoja, nawauliza: ni nani kati yenu aliyemtazama kijana wa boti ya kushoto? Mimi sikumtazama. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mikono kwa sababu nina wajukuu.

Dogo_Besi | Jumamosi, saa 4:06 asubuhi

Mwalimu, samahani, kuna noti kwenye ilimba yako inanivuta sikio. Ile ya juu kabla hujarudi kwenye kiitikio. Nimeiweka kwenye kipima sauti, haiko kwenye noti yoyote.

MwalimuWaKwaya | Jumamosi, saa 4:20 asubuhi

Haiko kwenye noti yoyote ya kinanda chako. Ilimba ya Kigogo haifuati piano, inafuata sauti zinazojitokeza zenyewe uzi mmoja unapotetemeka, zile harmoniki. Harmoniki ya saba iko chini ya noti ya piano iliyo karibu nayo kwa karibu theluthi moja ya nusu-toni. Sikio lililolelewa na kinanda linasema imechuja. Wajukuu wangu wanaiimba hivyo hivyo bila kufundishwa, wakifika kanisani mpiga ogani ndiye anayehangaika.

Dogo_Besi | Jumamosi, saa 4:23 asubuhi

Aisee. Nitaisampo hiyo noti.

Lulu_wa_Buyenzi | Jumamosi, saa 6:15 mchana

Salamu kwenu wote. Niliahidi maelezo.

Nilipoona picha sikuanza kufanya kitu kwa muda mrefu, mpaka nikaogopa saa. Buyenzi hapa Bujumbura, ukimwonyesha mtu Liemba na boti zimeizunguka, si kila mtu ataona dagaa na mawese. Mwaka 2015 watu wetu walikimbilia Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania mpakani, mlima nyuma, ziwa mbele. Liemba ndiyo ilikuwa inawatoa pale kwenda Kigoma, na ilisimama vile vile mbali na ufuko, watu wakapelekwa kwa boti. Mlango ule ule. Kwa hiyo mkono wa yule mama ulinishinda. Kila nilichojaribu kuupigia kinanda kikawa kilio, na sikutaka kilio, maana picha yenyewe si ya 2015, ni ya siku ya kawaida tu, watu wanakwenda zao Kigoma.

Nikahamia kwa kijana. Yeye hana habari na meli, ana habari na maji. Nikachukua beseni, nikakata chupa kubwa ya maji kwa kisu, nikaweka simu chini ya kiti ili isilowe. Kuchota ni sauti moja, nzito, inakwaruza chini ya beseni. Kumwaga ni sauti nyingine, inachelewa kidogo, kwa sababu mkono lazima upande kwanza. Nimerekodi kama dakika nne za kuchota, nikachagua pale mkono ulipoanza kuchoka kweli. Mwendo ukajipanga wenyewe karibu na 70, nikaweka programu kwenye 70 ili besi imfuate. Sikunyoosha mapigo. Ukinyoosha kila pigo likae kwenye mstari, anakuwa mashine ya kufua.

Juu yake kuna kinanda kimoja, noti tatu, na sauti yangu bila maneno. Za watu wengine nimeziweka mbali sana, zimejaa mwangwi, huwezi kusikia wanasema nini. Kijana kawapa mgongo.

Dogo, kura yangu ya pointi 3 ni yako. Mwalimu 2, Nyuzi_Nne 1.

Dogo_Besi | Jumamosi, saa 6:40 mchana

Dada Lulu, sikulijua hilo la Kagunga. Nimerudi kuisikiliza yangu na ule utani wa dumu. Kama imekugusa vibaya niambie.

Lulu_wa_Buyenzi | Jumamosi, saa 6:44 mchana

Hapana kaka. Ungekuwa umefanya ya huzuni ndiyo ningekasirika. Pale pale Kagunga watu walikuwa wanagombania dumu pia. Pointi 3 nimekupa kwa sababu ya sekunde ya 52, ile besi inaposhuka hatua mbili na wewe unaendelea kupiga kelele juu yake bila kujali. Hapo boti iliyumba.

Dogo_Besi | Jumamosi, saa 6:45 mchana

Ile besi ilishuka kwa sababu betri iko asilimia 9 na mkono unatetemeka. Ila nimepokea.

Nyuzi_Nne | Jumamosi, saa 11:30 jioni

Wakuu, acheni ugomvi wa 1916 kidogo, njooni hapa. Lulu yuko kwenye 70. Dogo yuko kwenye 210. Mara tatu kamili. Nikajiuliza, nikazibandika zote mbili kwenye mradi mmoja. Programu nimeiweka kwenye 210, kila mchoto mmoja wa Lulu unameza mapigo matatu ya Dogo. Kikwazo ni ufunguo: Dogo yuko A, Lulu yuko G, kwa hiyo Dogo nimemshusha toni moja nzima, sauti zake zimekuwa nene kidogo, kama kibarua aliyekula vizuri. Nimemsogeza pia kwa sekunde 20, Lulu aanze peke yake na beseni lake.

Sikilizeni kuanzia dakika ya kwanza. Kwa kuwa Lulu hakunyoosha mapigo, anawahi na kuchelewa juu ya ngoma ya Dogo ambayo haitikisiki. Unamsikia kabisa yuko botini na wao wako mlangoni. Sikuongeza chochote changu.

BintiUjiji | Jumamosi, saa 11:52 jioni

Hii sasa ndiyo niliyoipiga.

Chakacha_Mvita | Jumamosi, saa 12:10 jioni

Na haina waraka juu yake. Nyuzi_Nne, umejijibu mwenyewe ndugu yangu.

Nyuzi_Nne | Jumamosi, saa 12:12 jioni

Sijajijibu. Ukiweka zile sekunde zangu nane katikati ya hiyo ngoma itakuwa bora zaidi.

Dogo_Besi | Jumamosi, saa 12:13 jioni

Usiguse.

Mla_Bando | Jumamosi, saa 2:05 usiku

Yangu imeshapanda. Ni rege. Hakuna anayeisikiliza?

MwalimuWaKwaya | Jumamosi, saa 2:30 usiku

Nimeisikiliza mwanangu. Gitaa ni zuri, hasa lile la kukata kwenye pigo la pili na la nne. Ila umeandika "mawimbi makubwa" mara sita na ziwa kwenye picha limelala. Safari ijayo tazama kwanza, imba baadaye. Na ununue bando mapema.

Fundi_Mitambo | Jumapili, saa 2:15 usiku

Kura zimekamilika, wapiga kura saba, pointi 42:

Lulu_wa_Buyenzi 13, Dogo_Besi 10, MwalimuWaKwaya 9, Nyuzi_Nne 6, Chakacha_Mvita 4.

Lulu kapata pointi kutoka kwa wote sita walioruhusiwa kumpigia. Kura yangu ya pointi 3 ilikwenda kwake kwa ajili ya kitu kidogo: karibu na mwisho mchoto mmoja hauna mmwago. Anachota, unasubiri maji, hayaji. Nilirudia nikidhani nimekosa kusikia. Sijui kijana kageuka au vipi.

Chakacha, pointi nne si haki kwako na mimi nimo kwenye waliokunyima. Ile honi na jibu la mlima ni mwanzo bora kuliko wote wa usiku ule, lakini nyuzi zilipoingia ukasahau kutoka. Dakika nzima hakuna kinachobadilika. Ungekata kwenye 1:40.

Chakacha_Mvita | Jumapili, saa 2:31 usiku

Nimekubali shingo upande. Taarabu haitaki haraka, na dakika 90 zataka haraka. Hongera Lulu. Hongera na Dogo, nusu dakika yangu chini ya 200 bado nakudai.

Dogo_Besi | Jumapili, saa 2:34 usiku

Hongera dada. Naomba ile rekodi ya beseni peke yake, bila kinanda. Nataka kuijengea kitu cha maana, jina lako litakuwepo.

Lulu_wa_Buyenzi | Jumapili, saa 2:50 usiku

Asanteni sana wote. Picha ijayo ninayo tayari, nimeipiga leo asubuhi, nitamtumia Fundi. Haina maji.

Dogo, rekodi nakutumia usiku huu, dakika zote nne. Sharti langu moja: usiiongeze kasi.

Dogo_Besi | Jumapili, saa 2:52 usiku

Hata 105? Ni nusu tu ya 210.

Lulu_wa_Buyenzi | Jumapili, saa 2:53 usiku

Dogo.

Dogo_Besi | Jumapili, saa 2:53 usiku

Sawa, 70. Ila hi-hati zangu zitakuwa 210.